Gari ya zamani ikivuta upande: shasi mbele ya rangi

Mwenye Land Cruiser ya zamani anatoka garaji Kolwezi na furaha. Tolie amenyoosha mabati, mastike imefunika mabonde, rangi inang'aa. Lakini akifika barabara ya Likasi, usukani unavuta upande, na mbele yake lori ya kubeba shaba inakuja. Hapo ndipo anajua kama gari imetengenezwa ao imepakwa tu.

Wengi wanakimbilia paralelisme, ni kusema kulinganisha magurudumu. Mara nyingine inatosha. Mara nyingine ni kutupa pesa, maana ubaya uko ndani zaidi.

Kwa nini? Land Cruiser aina ya 60, na nyingi za aina ya 70 zilizotoka kiwandani mbele ya mwaka 1999, ziko na ekseli nzima ya mbele inayolala juu ya lame. Kwenye ekseli ya namna hiyo, chuma kinachounganisha magurudumu ya mbele kinasaidia kuyafunga ao kuyafungua kwa milimeta chache. Lakini kulala kwa gurudumu ndani ao inje kunatoka kwa ekseli yenyewe. Ikiwa ekseli ao shasi imepinda, mashine ya paralelisme haiwezi kuinyoosha.

Kupima shasi hakuombi mashine ya bei kali. Gari inawekwa mahali pa sawasawa. Fundi anachagua matundu mawili ya shasi mbele na mawili nyuma, yanayofanana kushoto na kuume. Anateremsha kamba yenye uzito kutoka kila tundu, anatia alama ya choko chini, kisha gari inasukumwa pembeni. Anapima kutoka alama ya mbele kushoto mpaka ya nyuma kuume, halafu kinyume chake. Vipimo viwili vikitofautiana, shasi imepinda.

Anapima pia kati ya gurudumu la mbele na la nyuma, kila upande. Upande mmoja ukiwa mfupi, ekseli imesogea. Mara nyingi ni buloni ya katikati ya lame imekatika. Gari kama hiyo inatembea kiubavu kama kaa, hata mipira ikiwa mipya.

Mlango nao unasema. Ukigoma kufunga, pengine kaucu zilizo kati ya karoseri na shasi zimeisha, ao shasi imepinda. Tolie akikata mlango ili uingie kwa nguvu, anafuta ushahidi na ubaya unabaki.

Kuna jambo lingine kwa gari zenye usukani wa kuume, zile zinazotoka Japani na kupitia Dar es Salaam mpaka Kasumbalesa. Kwao wanatembea kushoto, huku kwetu kuume. Barabara ya lami inainama pembeni ili maji yateremke, kwa hiyo hata gari nzima inaweza kuvuta kuume kidogo. Kabla ya kulaumu magurudumu, ijaribiwe mahali pa sawasawa pasipo gari zingine. Taa ni hatari zaidi: mwangaza wake mdogo unapanda upande wa kushoto, moja kwa moja kwenye macho ya dereva anayekuja. Zibadilishwe kwa zile za nchi zinazotembea kuume.

Basi kazi ifuate mupango huu: kwanza shasi na ekseli, pili lame, rotule na biringi zilizoisha, tatu paralelisme, nne milango na mabati, rangi mwisho. Paralelisme juu ya rotule yenye kucheza haikai hata wiki moja ya barabara ya vumbi.

Na kwa anayenunua: ainame chini ya gari kwanza, apitishe mkono juu ya mipira ya mbele. Ikiwa imelika upande mmoja ao inakwaruza kama meno ya musumeno, aombe shasi ipimwe mbele ya kutoa pesa.