Mtoto akisema turudi, geuza mtumbwi

Likizo ya Desemba ikianza, wazazi wengi wa Mwanza huandamwa na ombi lilelile: "Baba, lini tunakwenda kuvua?" Hapa sizungumzii wavuvi wa riziki. Ni watumishi, wafanyabiashara na mafundi wanaopenda kushika mshipi siku ya mapumziko. Hukodi mtumbwi mwaloni, hununua minyoo kwa vijana wa palepale na kutoka alfajiri kutafuta sato kandokando ya mawe. Ni starehe ya bei nafuu. Ila Desemba ni vuli, na ziwa la vuli si la kuzoewa.

"Dalili ya mvua ni mawingu" ni methali ya watu wa nchi kavu. Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, na kwa upana huo linajitengenezea hali yake ya hewa. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hivyo upepo huvuma kutoka ziwani na mvua za radi nyingi hunyesha bara. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, maji hubaki na joto, pepo za kutoka kingo mbalimbali hukutana juu ya ziwa na kuinua hewa yenye unyevu, nayo huwa mawingu ya radi. Kwa hiyo wavuvi wa dagaa, wanaofanya kazi kwa taa nyakati za giza, wako hatarini zaidi. Anayetoka alfajiri naye anaweza kukutana na masalia ya dhoruba iliyozaliwa yeye akiwa amelala.

Hayo yote nilikuwa nayajua kabla ya kumpeleka binti yangu Igombe. Nisichokuwa nacho ni sheria ya mzee mwenye mtumbwi. Alimkaza mtoto mikanda ya jaketi la kuokolea, akalivuta kwa juu mabegani kuona kama litachomoka, kisha akasema: "Mayu, humu ndani hakuna mkubwa. Wa kwanza kuogopa ndiye nahodha. Ukisema turudi, baba yako habishi, na mimi sibishi."

Binti alinitazama kwanza, kama anayeomba ruhusa ya kuamini. Nyumbani kwetu, kama kwenu, mtoto hamkatizi mtu mzima.

Samaki walikuwa wanakula. Sato wa kwanza alipopanda, binti alitoa rula ya shule kwenye mfuko wa kaptula na kumpima kuanzia mdomo hadi ncha ya mkia: sentimita 22. Kanuni za uvuvi zinataka sato asipungue 25, basi akarudishwa majini. Wa pili alivuka 27, akabaki. Mimi na mzee tukainamia mishipi yetu. Binti, aliyekaa nyuma akiangalia tulikotoka, ndiye pekee aliyekuwa na macho ya bure.

"Babu, mbona upepo umekuwa wa baridi?"

Mzee aliinua kichwa. Upepo uliokuwa ukitupuliza mgongoni ulikuwa umekatika, na mwingine, wa baridi kama unaotoka kwenye friji, ulikuwa unatujia usoni. Mawingu yalikuwa bado mbali, lakini hewa baridi inayoporomoka kutoka kwenye wingu la radi hutangulia mvua. Radi ikamulika. Binti akahesabu kwa sauti hadi ngurumo iliposikika: sekunde 21. Sauti husafiri kilomita moja kwa sekunde tatu hivi, kwa hiyo radi ilikuwa umbali wa kilomita saba.

"Turudi," akasema, kwa sauti ndogo.

Mshipi wangu ulikuwa unavutwa wakati huohuo. Mzee hakuniangalia hata kidogo. Alishika kafi akageuza.

Tulifika mwaloni tukiwa wakavu. Dhoruba ikapita mbali upande wa visiwa, jua likatoka, na mitumbwi iliyobaki majini ikaendelea kuvua. Binti akaona haya. "Baba, nimewaharibia."

Hapo ndipo pana somo kubwa kuliko la ndoano. Ningecheka, au ningesema kwa utani kwamba kaogopa kivuli, siku nyingine angeona dalili na kunyamaza kwa adabu. Mzee alimjibu kabla yangu: "Safari ya kurudi bure haijaua mtu."

Wazazi wanaojiandaa na likizo wana mengi ya kufanya kabla ya kushusha mtumbwi. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania wa upepo na mawimbi ziwani usikilizwe jioni ya kuamkia safari. Jaketi liwe la saizi ya mtoto, kwa sababu la mtu mzima humchomoka kichwani. Simu ifungwe kwenye mfuko wa plastiki, na mtu wa nchi kavu ajue mmeelekea wapi na mtarudi saa ngapi.

Lakini vyote hivyo havitoshi iwapo aliyeona hatari anaogopa kuisema. Adabu ya kumnyamazia mkubwa tunaifundisha vizuri sana mezani na barazani. Mkifika mwaloni, mwambieni mtoto waziwazi kwamba majini haifanyi kazi, na siku atakapowarudisha bure, mshukuruni.