Tairi Limelika Upande? Lisome Kabla ya Kulipa

Dereva anayelalamika kwamba gari lake linakula tairi huwa ameshajiandikia dawa: ni alaimenti hiyo. Atafunga safari ya zaidi ya kilomita 100 kutoka Mikumi hadi Morogoro mjini kutafuta mashine, atalipa, atarudi, na baada ya miezi michache tairi jipya litakuwa limelika vilevile. Mashine haikumdanganya. Alirekebishiwa kitu ambacho hakikuwa kibovu, au kilichokuwa kibovu kwa sababu ya kingine ambacho hakuna aliyekigusa.

Wanaoendesha wilayani Kilosa wana sababu zaidi ya kujua kusoma tairi. Ukitoka Kilosa mjini kuelekea Mikumi kupitia Ulaya unakutana na vumbi, changarawe na, masika ikiingia, madimbwi yanayoficha mashimo. Kisha unapanda barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Zambia, yenye malori, matuta na jua kali, ambayo kilomita zake zipatazo 50 zinakatisha Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Humo mwisho ni kilomita 70 kwa saa mchana na 50 usiku. Kikomo hicho kimewekwa kwa ajili ya tembo na swala, lakini hata matairi yako yangekipigia kura.

Nianze na upepo, kwa kuwa ndio unaoharibu matairi mengi na ndio wa bei rahisi kuliko yote.

Tairi lenye upepo pungufu hukanyaga kwa mabega. Kashata za pembeni, za ndani na za nje, huisha huku za katikati zikiwa bado ndefu. Lililojazwa kupita kiasi hufura katikati, na katikati ndipo linapopata kipara. Ukiona mojawapo ya hali hizo, alaimenti haihusiki, hata fundi aseme nini. Na kulika si hasara kubwa kuliko zote. Tairi la gari dogo huzunguka zaidi ya mara 500 kila kilomita, na likiwa pungufu, kuta zake hukunjwa na kunyooshwa kila mzunguko. Kukunjwa huko huzaa joto. Ongeza mzigo wa Probox iliyoshindilia abiria na magunia ya mpunga, ongeza mwendo wa lami saa nane mchana, mpira utaachana na nyuzi za ndani na tairi litapasuka. Abiria watasema lilikuwa bovu, kumbe lilikuwa na njaa ya upepo tangu asubuhi.

“Nikuwekee ngapi, bosi?” fundi anauliza, na jibu hutoka kwa mazoea: “Weka 30 zote,” au kwa mwenye hofu ya mashimo, “Weka 40.” Jibu sahihi limebandikwa kwenye gari lenyewe. Fungua mlango wa dereva, angalia kwenye nguzo mlango unapofungia. Magari yetu mengi yametumika Japani kabla ya kufika huku, kwa hiyo maandishi yanaweza kukushinda, ila namba zinasomeka: 220, 230, 250. Hizo ni kPa. Geji ya fundi husoma PSI, basi gawa kwa 6.9: 220 inakuwa karibu 32, na 250 inakuwa 36. Huenda ukakuta namba ya mbele si ya nyuma, au namba nyingine ya gari likiwa na mzigo. Zote zimewekwa kwa makusudi. Namba iliyochongwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha tairi hilo. Haijui limefungwa kwenye gari gani, kwa hiyo isikuongoze.

Huyo wa 40 namwelewa, lakini hasaidiki. Tairi gumu halimezi shimo. Linapitisha kishindo kwenye rimu, kwenye bushi na kwenye shokapu. Tena sehemu inayogusa ardhi inapungua, na juu ya changarawe hapo ndipo gari linapoteleza ukikanyaga breki.

Kosa la pili ni la saa. Namba ya kwenye mlango ni ya tairi baridi, yaani gari halijatembea, au limetembea kilomita mbili tatu tu. Kila nyuzi joto 5 au 6 zinazopanda huongeza takriban PSI 1. Tairi lililopimwa 32 alfajiri Kilosa, likifika Mikumi saa saba mchana baada ya njia ya Ulaya, linaweza kusoma 36 au 37. Dereva anashtuka, anamwambia fundi apunguze mpaka 32. Kesho asubuhi analo 28, na haelewi mabega yanaliwa na nini. Tairi la moto halipunguzwi upepo. Na kwa kuwa geji za vijiweni hazikubaliani, nunua yako ndogo ukae nayo garini. Hata ikikosea kidogo, itakosea vilevile kila siku. Kuhusu naitrojeni inayouzwa kama dawa ya kila kitu: upepo wa kawaida tayari ni naitrojeni kwa asilimia 78. Weka pesa yako mfukoni.

Sasa tuje kwenye tairi lililolika bega moja tu. Hapa alaimenti inaingia, na kiganja chako ndicho kipimo cha kwanza. Kipitishe juu ya kashata kwa upana, kutoka ndani kwenda nje, kisha kutoka nje kwenda ndani. Kikiteleza vizuri upande mmoja na kukwaruza kama meno ya msumeno ukirudi, matairi ya mbele hayako sambamba: ama yanaelekeana kwa mbele, ambapo bega la nje huliwa zaidi, ama yametanukiana, ambapo la ndani ndilo huumia. Tairi la namna hiyo haliviringiki tu, linaburuzwa pia. Chukua tairi lenye kipenyo cha milimita 600. Likipinda milimita 3 tu kati ya ukingo wake wa mbele na wa nyuma, basi kila kilomita moja linasuguliwa kwenda upande kiasi cha mita 5. Hebu fikiria safari ya kwenda na kurudi Morogoro.

Kama bega moja limelika lakini ni laini, halina meno, shuku mlalo wa tairi, ambao mafundi huuita kemba: ukilitazama kwa mbele, tairi limelala kuelekea ndani au nje badala ya kusimama wima. Springi zilizochoka kwa mizigo hulaza matairi ya magari mengi madogo na kula bega la ndani, mahali usipopaona mpaka uchungulie au ugeuze usukani hadi mwisho. Na tairi lenye mabonde na vilima kulizunguka, linalovuma ukiwa kwenye lami, limekuwa likirukaruka: shokapu zimekufa, au balansi haipo.

Bila mashine bado unaweza kupima usambamba, na fundi mwangalifu wa Kilosa anaweza kukufanyia kwa chaki na futi. Gari liwe mahali tambarare, usukani umenyooka, upepo sahihi. Piga alama ya chaki katikati ya kila tairi la mbele, kwa upande wa mbele, usawa wa kitovu cha rimu, kisha pima umbali kati ya alama hizo mbili. Sukuma gari taratibu mpaka alama zizunguke nusu na kufika nyuma kwa urefu uleule. Pima tena. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo kasoro ya matairi yote mawili kwa pamoja. Ikiwa milimita moja au mbili, magari mengi yanavumilia. Ikifika 6, umeshapata mwizi wako. Njia hii haikuambii lolote kuhusu kemba wala ekseli ya nyuma, ila inatosha kukuonyesha kama nauli ya Morogoro ina sababu.

Kabla hujaondoka, jeki iinue gurudumu la mbele. Lishike kushoto na kulia, litikise. Kisha juu na chini. Likicheza, kuna tairodi, boljointi, bushi au beringi iliyochoka. Alaimenti inayofanywa juu ya bushi iliyolegea hudumu mpaka tuta la kwanza. Kwa maoni yangu fundi anayepokea pesa ya alaimenti bila kutikisa gurudumu amekuuzia karatasi.

Wapo pia walionyanyua magari kwa spesa ili IST au Noah ipite makorongo. Siwalaumu, njia zenyewe wanazijua. Lakini bodi ikipanda, tairodi hubadili pembe na matairi hubadili mwelekeo, na kemba nayo husogea. Gari lililonyanyuliwa bila kurekebishwa upya linakula tairi tangu siku hiyohiyo.

Kwenye mashine, omba vipimo vya kabla na baada. Usishangae ukiambiwa kemba haina boliti ya kurekebishia: magari mengi madogo hurekebishwa usambamba wa mbele peke yake, na IST nyuma ina boriti moja isiyo na marekebisho. Kemba ikiwa nje ya kipimo kwenye gari kama hilo, kuna kitu kimepinda au kimechoka, nacho hubadilishwa. Kuvuta upande ni jambo jingine. Barabara zetu zina mgongo wa kumwaga maji pembeni, na sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo gari zima linaweza kwenda kushoto kidogo. Likivuta sana, badilishanisha matairi ya mbele, la kulia liende kushoto, mradi si yenye mshale wa mzunguko. Mvuto ukihamia upande wa pili, kosa ni la tairi.

Matairi ya mbele na ya nyuma yabadilishane kila kilomita 8,000 hadi 10,000, maana kwenye magari yanayosukumwa na magurudumu ya mbele, hayo ndiyo huisha haraka. Ndani ya mifereji kuna vinundu vya mpira. Kashata zikishuka zikawa sawa navyo, zimebaki milimita 1.6 na tairi limekwisha, hata kama kuna upande bado unapendeza.

Utakapokwenda kununua jingine, jipya au la mtumba, soma ubavuni namba nne za mwisho katika mfululizo unaoanza na herufi DOT. 1215 ni wiki ya 12 ya mwaka 2015. Huenda zimechongwa upande mmoja tu, kwa hiyo ligeuze. Muuzaji akikuambia limeingia juzi, huenda ni kweli liliingia juzi. Wewe uliza lilitengenezwa lini, na uhakikishe kwa macho yako kabla halijafungwa kwenye rimu.