Je, Wajua? Stesheni ya Syokimau Ina Jina la Nabii wa Reli

Wakamba husimulia kwamba zamani, kabla ya Mzungu kukanyaga Ukambani, nabii wao wa kike aitwaye Syokimau aliona nyoka mrefu akija kutoka maji hadi maji, na watu wa rangi ngeni wakitembea na moto mifukoni. Nyoka huyo akawa reli: ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na Ziwa Victoria 1901. Nao moto wa mifukoni ukaonekana: viberiti.

Zaidi ya miaka mia moja baadaye, nyoka huyo alipata kituo chenye jina la aliyemtabiri. Rais Mwai Kibaki alikifungua Novemba 2012 huko Syokimau, Kaunti ya Machakos, kingoni mwa Nairobi. Shabaha ilikuwa kupunguza msongamano wa Barabara ya Mombasa. Mwenye gari analiacha kwenye maegesho ya stesheni, anapanda treni, anapita Imara Daima na Makadara, na kushuka katikati ya jiji.

Mwaka 2017 stesheni hiyo ilipata jirani. Treni ya reli mpya ya kisasa (SGR) kutoka Mombasa ilianza kuishia karibu na hapo, kwenye stesheni kubwa ya Nairobi Terminus, wala haikuweza kuendelea hadi mjini kwa njia ya zamani. Sababu ni upana. Reli ya mkoloni ina mita moja kamili kati ya chuma na chuma. Ya SGR ina milimita 1,435. Gurudumu la hii halikai kwenye ile. Ndiyo maana abiria wa Mombasa anayekwenda katikati ya jiji kwa reli hushuka na mizigo yake na kupanda treni ndogo ya kuunganisha.

Upana huo wa mita moja wa reli ya zamani ndio uliowezesha Kenya kununua treni zilizotumika kisiwani Mallorca, Uhispania, ambako pia reli ni ya mita moja. Zilizinduliwa Nairobi Novemba 2020. Ni treni za dizeli zinazojiendesha bila kuvutwa na kichwa, zenye chumba cha dereva mbele na nyuma. Zikifika mwisho wa safari, dereva huhamia upande wa pili tu na kuondoka. Treni ya kawaida hulazimika kufungua kichwa, kukizungusha na kukifunga tena, na dakika hizo zina thamani kubwa asubuhi watu wanapowahi kazini.

Hata hivyo safari bado ni chache, nyingi zikiwa za asubuhi na jioni. Anayetoka kazini saa nne usiku, au mama anayepeleka mtoto kliniki saa tano mchana, bado ni wa matatu. Sehemu kubwa ya reli ya zamani ni njia moja, kwa hiyo treni mbili zikikutana, moja husubiri kando. Shirika la Reli la Kenya lianzie hapo: lijenge njia ya pili kati ya Syokimau na mjini, kisha treni zipite mchana kutwa.