Bolti iliyogoma mezani kwa mjomba

Mlio wenyewe ulikuwa mdogo tu: tak. Kama mtu aliyefunga kifuniko cha saa ya mkononi. Lakini ngozi ya kidole changu cha shahada ilikuwa imebanwa katikati ya vyuma viwili, na mjomba, aliyekuwa barazani akipepeta mchele, hakuhitaji hata kugeuka.

"Umegusa sefti, mjomba," akasema. Kwetu mjomba na mpwa huitana jina moja, na siku hiyo aliliita kwa sauti ya mtu anayehesabu hasara.

Bunduki ni yake, leseni ni yake, na mimi nilikuwa mikono tu. Macho yake hayamsaidii tena kuona vitu vidogo. Alikuwa bwana nyama kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na katika vyote alivyorudi navyo kijijini, kinachopanguswa kila mwezi ni hiyo Mauser moja ya zamani, yenye maandishi 9,3 kwenye mtutu. Redio yake ina vumbi la kulima, ila bunduki haina.

Hiyo risasi ya 9.3 ina historia inayotuhusu. Fundi bunduki wa Berlin aitwaye Otto Bock aliibuni risasi hiyo mwaka 1905 akiwalenga walowezi na wawindaji wa Kijerumani waliokuwa Afrika. Walitaka bunduki moja isiyo ghali, ya kumwangusha swala leo na nyati kesho. Ujanja wa Bock ulikuwa kuipa risasi urefu unaoingia kwenye Mauser ya kawaida, ile ile ya jeshi iliyopitishwa Ujerumani mwaka 1898, bila kudai mtambo mrefu wa bei kubwa. Mwaka huo huo wa 1905, huku kwetu kusini, vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani vilikuwa vinaanza. Kila nikiishika bunduki ile nakumbuka mambo hayo mawili kwa pamoja, na sijui kuyatenganisha.

Turudi mezani. Mauser ya 1898 ni bunduki ya bolti: lile komeo la chuma lenye mpini, unaloinua, ukavuta nyuma, ukasukuma mbele na kulilaza. Mbele ya bolti kuna meno mawili makubwa yanayojifunga nyuma ya mtutu, na kuna la tatu kwa nyuma, la akiba, endapo yale mawili yatashindwa. Pembeni upo ukucha mrefu unaoikamata risasi kitakoni tangu inapotoka kwenye magazini. Ndani ya bolti hukaa pini, na pini imezungukwa na springi. Ukivuta triga, springi inaisukuma pini mbele, ncha inagonga fataki, na baruti inashika moto. Hakuna siri zaidi ya hiyo.

Kwa nini basi kuifungua bolti yote, badala ya kuipangusa juu juu? Kwa sababu ya mafuta. Watu wengi wanaopenda bunduki zao huzinywesha mafuta kama mtoto mwenye kikohozi. Mafuta yanaingia ndani ya bolti, yanakutana na vumbi, na baada ya miaka michache yanakuwa gundi. Pini inayopita ndani ya gundi haigongi, inabisha hodi. Ukiitoa risasi unakuta fataki ina kijishimo hafifu, kama alama ya ukucha kwenye sabuni. Kwa mtu anayelenga chupa ni kero tu. Kwa aliyetumwa kumfuata nyati mwenye jeraha ni jambo jingine, na mjomba alitumwa mara kadhaa.

Kabla ya yote alinisimamia nihakikishe bunduki ni tupu. Magazini tupu, chemba tupu, kisha kidole kidogo ndani ya chemba, kwa sababu macho hudanganya. Risasi zenyewe zilikuwa chumba kingine. Nikaiweka sefti wima. Sefti ya Mauser ni kibawa kidogo nyuma ya bolti chenye nafasi tatu: kikilala kulia, bunduki imefungwa na bolti haifunguki, kikilala kushoto, iko tayari kupiga, kikisimama wima, haipigi lakini bolti inafunguka. Hiyo nafasi ya katikati iliwekwa kwa ajili ya kazi kama hii.

Bolti ikatoka. Nikabonyeza kijipini kilicho ubavuni mwa kofia yake ya nyuma, nikaizungusha kofia kinyume cha saa, na pini yote ikatoka pamoja na springi, kofia na kile kipande kizito cha mwisho ninachokiita mkia. Mkia umeshikana na pini. Sefti ikiwa wima huusimamisha mkia mbali na kofia, na springi inabaki imebanwa, imekokiwa, ingawa imeshatoka kwenye bunduki.

Hilo ndilo nililolisahau. Nikachukua kitambaa, nikaanza kusugua gundi nyeusi iliyoganda chini ya sefti, na kidole gumba kikakisukuma kibawa kwenda kushoto. Tak.

Nilipomaliza kunyonya kidole nikasafisha kila kitu kwa mafuta ya taa, nikakausha, nikapaka mafuta ya bunduki tone moja, nikajisifu. Kisha nikajaribu kuirudisha kofia kwenye bolti. Ikazunguka kidogo, ikakwama. Nikaitoa, nikaipuliza, nikairudisha. Ikakwama pale pale. Nikageuza, nikaanza upya, nikatumia nguvu. Nakiri kwamba koleo lilikuwa tayari mkononi mjomba alipoingia na ungo wake.

"Weka hilo chini. Chuma hakijavunjika. Umekipanga vibaya tu."

Alikuwa sahihi, na naamini hapa ndipo bolti nyingi nzima hugeuzwa mbovu. Mtu anaona kitu kimegoma, anadhani kuna uchafu au hesi zimekufa, anakamata koleo au nyundo. Kumbe mkia ukishasogea mbele na kulala juu ya kofia, pua yake inatangulia. Kofia inapozungushwa, pua inagonga ukingo wa bolti na kuizuia. Ukilazimisha utakwaruza pua au utakula hesi, na hapo ndipo utakuwa umepata kazi ya fundi wa silaha mwenye leseni, pamoja na bili yake.

Dawa yake ni kuikoki springi tena ikiwa nje ya bunduki. Wajerumani walilijua tatizo hili: Kar98k, Mauser ya jeshi lao katika Vita vya Pili vya Dunia, ina kisahani cha chuma chenye tundu ubavuni mwa kitako. Askari aliisimamisha ncha ya pini ndani ya tundu hilo na kukandamiza. Kwa hiyo kitako chenyewe kilikuwa meza ya karakana. Bunduki za kuwindia kama ya mjomba mara nyingi hazina kisahani hicho, na mwenyewe hujitafutia.

Mjomba akafungua kisanduku chake cha vifaa, akatoa kipande cha mninga kikubwa kama kiganja. "Simamisha ncha hapa. Wima kabisa. Ikilala, itapinda." Nikaisimamisha. "Sasa shika kofia kwa mikono miwili, sukuma chini. Usisukume mkia."

Ilinichukua muda kuelewa tofauti hiyo. Mkia umeshikana na pini, na pini imesimama kwenye ubao, kwa hiyo mkia hauendi popote. Ukisukuma kofia chini, springi inabanwa, na kati ya kofia na mkia unafunguka mwanya. Mwanya huo ndio unaotafutwa. Springi ile si mchezo. Ni kama kukandamiza ndoo tupu ndani ya maji, inayotaka kupanda. Mara ya kwanza kofia iliteleza ikarudi juu kwa kishindo. Mara ya pili ncha ikahama ubaoni. Mara ya tatu nikabana pumzi, mwanya ukafunguka, na mjomba, kwa macho yake mabovu, akanyoosha kidole na kukisimamisha kibawa cha sefti wima. Nikaachia taratibu. Mkia ukabaki nyuma, umening'inia kwenye sefti, kama ulivyokuwa asubuhi.

Aliniambia ukiwa peke yako waweza kuchomeka sarafu kwenye mwanya ule kwanza, ili upumzishe mkono kabla ya kuishughulikia sefti. Ila kitu kimoja alikikataza kwa ukali: kuuzungusha mkia robo duara wakati springi imebanwa. Hiyo ndiyo njia ya kuitenganisha pini yote, na asiyejua anachofanya atapigwa na kofia kidevuni na kuitafuta springi kwenye dari hadi Magharibi.

Baada ya hapo bolti haikubisha tena. Kofia ikazunguka laini, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka kile kijipini cha ubavuni kikaruka na kuingia kwenye tundu lake. Bolti ikarudi kwenye bunduki. Hiyo hiyo, si nyingine: mjomba alinionyesha namba iliyogongwa kwenye bolti na namba ile ile juu ya mtambo. Meno ya bolti na mtutu hukaa pamoja kwa vipimo vya unywele, na bolti ya kuazima yaweza kuiacha risasi na nafasi ya kucheza mahali ambapo haipaswi kucheza. Tulikagua chemba tena, tukaelekeza mtutu kwenye gunia la mchanga, nikalaza sefti kushoto, nikavuta triga. Mlio safari hii ulikuwa mkavu na mzima.

Nikamuuliza kama bunduki za Kiingereza za 303, za serikali, alizofundishiwa ujanani zilikuwa na visa kama hivi. Akacheka. "Ile ni mashine nyingine. Ya Mjerumani inajikoki unapofungua, ya Mwingereza inajikoki unapofunga. Ukiizoea moja, mkono unaitukana nyingine." Akaongeza kwamba Waingereza wenyewe, walipotaka bunduki ya tembo, walikwenda kwa Mauser. Hilo ni kweli: kampuni ya John Rigby ya London ilipotoa .416 yake mwaka 1911, iliijenga juu ya mtambo mkubwa wa Mauser kutoka kiwanda cha Oberndorf.

Nilipokuwa nakusanya vitambaa nikakichukua kile kipande cha mninga nikirudishe kisandukuni. Kishimo changu kilikuwa katikati, kipya, cheupe. Nikakigeuza upande wa pili. Kulikuwa na vishimo vingine, vya zamani, vimejaa mafuta meusi. Nilifika saba mjomba akaninyang'anya.

"Hicho si cha kuhesabia," akasema, akarudi kwenye mchele wake.