Kuchagua Keria ya Gari la Utalii: Paa Lina Kikomo Chake

Msimu wa kiangazi unapoanza mwezi Juni na idadi ya wageni kuongezeka katika hifadhi za kaskazini mwa Tanzania, wamiliki wa magari ya utalii huyaandaa magari yao kwa safari za siku kadhaa mfululizo. Matairi hubadilishwa, springi na shokapu hukaguliwa, na mara nyingi huongezwa keria, yaani fremu ya kubebea mizigo inayofungwa juu ya paa la gari.

Kwa wengi, kuchagua keria ni jambo jepesi: hutafutwa iliyo kubwa na yenye mabomba manene, kwa imani kwamba itabeba mizigo mingi zaidi. Imani hiyo ina hatari ndani yake. Swali la kwanza ambalo mnunuzi anapaswa kujiuliza si keria inaweza kubeba kiasi gani, bali paa la gari linaruhusu kiasi gani. Jibu la swali hilo ndilo linaloamua aina ya keria, namna itakavyofungwa na vitu vitakavyopakiwa juu yake.

Vikomo viwili vya paa

Mtengenezaji wa gari huweka kikomo cha uzito unaoruhusiwa juu ya paa na kukiandika katika kitabu cha maelekezo ya gari. Kikomo hicho huhusu gari likiwa katika mwendo, na kwa kawaida hujumuisha uzito wa keria yenyewe, wala si mizigo peke yake. Kipo pia kikomo cha gari likiwa limesimama, ambacho huwa kikubwa zaidi, kwa sababu wakati huo paa halipokei mitikisiko ya barabara, kona wala breki.

Mfano ulio wazi ni Land Rover Defender 110 ya kizazi kipya, iliyozinduliwa mwaka 2019. Kikomo cha juu kilichotangazwa kwa paa lake ni kilo 168 gari likiwa katika mwendo, na kilo 300 likiwa limesimama. Tofauti hiyo ndiyo inayowezesha watu wawili kulala katika hema lililofungwa juu ya paa, ilhali uzito huohuo wa watu na hema usingefaa kubebwa barabarani.

Aidha, vikomo hivi hutofautiana kati ya gari na gari, hata kwa magari ya kampuni moja. Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70 haifanani na Prado kwa umbo la paa wala kwa namna keria inavyoshikizwa. Kwa hiyo, si sahihi kuchukua kipimo cha gari moja na kukitumia kwa jingine kwa sababu tu yote mawili yanaendeshwa kwa magurudumu manne.

Jambo la tatu la kuzingatia ni hali ya barabara. Baadhi ya watengenezaji wa keria hushauri kikomo kipunguzwe kwa theluthi moja gari linapotumika nje ya lami. Ushauri huo unahusu moja kwa moja safari za hifadhini. Kutoka Arusha hadi Lango la Lodoare la Ngorongoro gari hupita juu ya lami, lakini sehemu kubwa ya njia ya kutoka hapo kuelekea Naabi na Seronera ni ya vumbi na changarawe, yenye mikunjo midogo midogo inayofuatana na kulitikisa gari kwa saa nyingi.

Hesabu ya mfano

Ili kuona maana ya vikomo hivyo, ichukuliwe gari ambalo kitabu chake kinaruhusu kilo 150 juu ya paa. Ikipunguzwa theluthi moja kwa ajili ya barabara mbaya, zinabaki kilo 100. Mmiliki akifunga keria ya chuma yenye uzito wa kilo 60, nafasi ya mizigo inakuwa kilo 40 pekee. Akichagua keria ya alumini yenye kilo 30, nafasi inaongezeka hadi kilo 70.

Sasa yachukuliwe mabegi ya wageni. Ndege ndogo zinazotua katika viwanja vya hifadhini kwa kawaida humwekea abiria kikomo cha kilo 15 za mizigo. Wageni sita wenye mabegi ya uzito huo wana jumla ya kilo 90. Kiasi hicho kinazidi nafasi iliyobaki katika keria zote mbili, hata kabla ya kuongeza tairi la akiba, hema au dumu la maji.

Hesabu hiyo inaonesha mambo mawili. Kwanza, kila kilo inayoongezwa katika keria inaondolewa katika mizigo. Pili, hata keria nyepesi haiwezi kuwa mbadala wa kupanga mizigo vizuri ndani ya gari. Vilevile, uzito wote wa juu huhesabiwa katika uzito wa jumla unaoruhusiwa kwa gari, pamoja na abiria, mafuta na vifaa vingine.

Kwa nini uzito wa juu ni hatari

Paa la gari la utalii huwa takribani mita mbili kutoka ardhini. Mzigo uliowekwa hapo hupandisha kitovu cha uzito wa gari, na gari lenye kitovu cha juu huegemea zaidi kwenye kona, huyumba zaidi linapokwepa shimo au mnyama ghafla, na hupinduka kwa urahisi zaidi linapopita ubavuni mwa mwinuko. Kilo 50 zilizo sakafuni na kilo 50 zilizo juu ya paa ni sawa kwenye mizani, lakini barabarani hazina athari sawa.

Katika mteremko wa kuingia Bonde la Ngorongoro, ambako gari hushuka takribani mita 600 kutoka ukingoni hadi chini, mzigo wa juu husukuma mbele kila dereva anaposhika breki. Katika udongo mweusi wa mbuga wakati wa mvua, gari linaloteleza upande mmoja huhitaji uthabiti wote linaoweza kuupata. Zaidi ya hayo, keria pana hukinzana na upepo, huongeza matumizi ya mafuta na kuleta kelele ndani ya gari.

Chuma au alumini

Keria ya chuma ni imara, bei yake huwa nafuu, na ikivunjika inaweza kuchomelewa na fundi karibu katika kila mji ulio njiani. Upungufu wake ni uzito na kutu. Keria ya alumini ni nyepesi na haishiki kutu kama chuma, lakini bei yake ni kubwa zaidi, na kuichomelea kunahitaji mtambo na ujuzi ambao haupatikani kila mahali. Kwa sababu hiyo, keria za alumini zilizounganishwa kwa bolti zina manufaa safarini, kwani kipande kilichoharibika kinaweza kufunguliwa na kubadilishwa.

Kwa magari yanayofanya kazi katika ukanda wa pwani, kama yale yanayokwenda Hifadhi ya Taifa Saadani, inafaa kuangalia pia mahali ambapo bolti za chuma zinagusana na alumini. Hewa yenye chumvi huharakisha ulikaji katika sehemu hizo, hivyo huwekwa washa za plastiki au mpira kutenganisha metali hizo mbili.

Mahali keria inaposhika

Land Cruiser ya mfululizo wa 70 na Defender ya zamani zina mfereji wa mvua pembeni mwa paa, na miguu ya keria hushika hapo. Mfereji huo uko juu ya kuta za gari, hivyo hupeleka uzito chini kwenye nguzo za bodi badala ya kuuacha katikati ya bati. Magari yasiyo na mfereji hutumia reli au sehemu maalumu zilizoandaliwa na mtengenezaji. Kwa aina zote, miguu mingi iliyogawanywa kwa urefu wa paa ni bora kuliko michache, kwa sababu husambaza uzito. Kutoboa paa na kufunga keria moja kwa moja kwenye bati huleta uvujaji wa maji na nyufa.

Magari mengi ya utalii nchini yana jambo la ziada. Paa lake limekatwa na kuwekewa mfuniko unaoinuliwa ili wageni watazame wanyama wakiwa wamesimama. Paa lililokatwa si lile ambalo mtengenezaji alilipima, hivyo kikomo kilichomo kitabuni hakiwezi kuchukuliwa kuwa kinaendelea kutumika. Mmiliki anapaswa kuiuliza karakana iliyofanya kazi hiyo ni uimarishaji gani uliowekwa na ni uzito gani unaoruhusiwa, na kupata jibu hilo kwa maandishi. Mfuniko wenyewe haupaswi kubeba mizigo. Keria ya gari kama hilo hukaa sehemu isiyozuia mfuniko kufunguka, kwa kawaida mbele juu ya dereva, na huwa ndogo.

Kinachofaa kupakiwa juu

Kanuni ya kufuata ni kwamba vitu vizito vikae chini na ndani, na vitu vyepesi vyenye umbo kubwa ndivyo vipande juu. Mahema, magodoro membamba, turubai, viti vya kukunja na mabegi laini yasiyo na uzito mkubwa vinafaa kwenye keria. Maji hayafai, kwa kuwa dumu la lita 20 lina kilo 20 za maji bila kuhesabu dumu lenyewe. Akiba ya dizeli ni salama zaidi katika tangi la ziada lililofungwa chini ya gari. Petroli haipaswi kuwekwa juu ya paa kabisa, kwa sababu joto la jua huongeza mvuke wake, na gari likipinduka dumu huwa la kwanza kupasuka.

Mizigo ifungwe kwa mikanda maalumu yenye vibano, si kwa kamba za mpira zinazovutika, na ile yenye uzito zaidi iwekwe katikati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Hakuna mtu anayepaswa kukaa juu ya keria gari likiwa katika mwendo.

Ukaguzi na wajibu wa kisheria

Baada ya keria mpya kufungwa, nati na bolti zote zikazwe tena kufuatia kilomita chache za mwanzo, kisha kila asubuhi wakati wa safari. Dereva atazame hasa pembe za paa, mfereji wa mvua na maungio ya kuchomelea. Rangi iliyopasuka mstari au kutu inayochuruzika ni dalili ya ufa, na usipoziba ufa utajenga ukuta. Kimo kipya cha gari pamoja na mzigo kipimwe na kuandikwa mahali dereva anapokiona, ili aepuke matawi, mageti na mapaa ya maegesho.

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inaweka wajibu wa kuhakikisha kuwa gari linalotumika barabarani liko katika hali salama. Wajibu huo hauishii kwenye breki na taa, kwa maana mzigo unaoanguka kutoka juu ya gari unaweza kumuua mwendesha pikipiki anayefuata nyuma. Inashauriwa pia kampuni ya bima iarifiwe kuhusu mabadiliko yoyote yaliyofanywa kwenye gari kabla ya safari, kwa kuwa mabadiliko yasiyojulikana yanaweza kuleta mgogoro wakati wa kudai fidia.

Kwa ujumla, mnunuzi wa keria anashauriwa kwenda dukani au karakanani akiwa na namba tatu mkononi: kikomo cha paa la gari lake, uzito wa keria anayoitaka, na uzito wa mizigo atakayoibeba kweli. Namba mbili za mwisho zikijumlishwa na kuzidi ile ya kwanza, iliyopunguzwa kwa ajili ya barabara mbaya, basi kinachopaswa kupungua ni mzigo.