Mabehewa madogo kwa mpenzi wa reli wa Rumonge: lipi la kununua, lipi la kujenga

Burundi haina treni ya abiria, lakini watu wa Rumonge wanaijua treni ya Kigoma. Ukifuata mwambao wa Ziwa Tanganyika kwenda kusini hadi Kigoma unaufikia mwisho wa Reli ya Kati ya Tanzania, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika ziwani 1914. Ndiyo iliyobeba vipande vya meli tunayoiita leo Liemba. Anayetaka kuiweka treni hiyo mezani kwake namshauri hivi: achague upana wa reli kwanza, behewa lifuate. Wengi huanza na behewa, na hapo ndipo pesa hupotea.

Behewa zito la Kimarekani (1:87, yaani dogo mara 87 kuliko la kweli)

Hili ndilo rahisi kulipata. Asili yake ni mabehewa ya chuma ya Pullman ya miaka ya 1910 na 1920: urefu wa karibu mita 24, sakafu ya zege, mara nyingi bogi (fremu za magurudumu) za ekseli tatu, na uzito uliokaribia tani 80. Uzito huo ulipunguza mtikisiko ili abiria walale.

Mfano wake una sentimita 28. Jipya la kampuni ya Walthers mara nyingi huzidi dola 70. La zamani la Rivarossi, lililokwisha kutumika, huweza kupatikana chini ya dola 30. La Walthers linataka kona yenye nusu kipenyo cha sentimita 61, yaani meza yenye upana unaozidi mita 1.2. La Rivarossi, ambalo viunganishi vyake vimefungwa kwenye bogi, hupita kona ya sentimita 46, ila kingo za magurudumu yake ni ndefu na huweza kugonga reli fupi za kisasa.

Shida iko kwenye reli: upana wake ni milimita 16.5, na hizo mara 87 ni kama milimita 1,435. Huo ni upana wa reli ya kiwango cha kimataifa (SGR) inayojengwa kuelekea Musongati. Treni ya Kigoma hupita kwenye reli ya mita moja.

Treni kubwa ya LGB (1:22.5)

Reli yake ya milimita 45 inawakilisha mita moja karibu kabisa. Lakini behewa la mita 18 linakuwa na sentimita 80, na moja tu huweza kupita dola 200. Linafaa shule au kikundi chenye ukumbi.

Mita moja kwa 1:87

Reli ni ya milimita 12, na behewa la mita 18 hutoka sentimita 21, linalotosha meza ya nyumbani. Kampuni ya Bemo ya Ujerumani huyauza yakiwa tayari, ila mengi ni ya Uswisi na kwa kawaida bei huanzia euro 50 na kuendelea.

Kujenga mwenyewe

Hili ndilo chaguo langu. Treni za 1:120, kama za Tillig, nazo hutumia reli ya milimita 12, kwa hiyo reli na bogi zake zinakufaa. Bodi itengeneze kwa mbao nyembamba au kadibodi ngumu, kisha uipake rangi ndani na nje ili unyevu wa ziwa usiikunje.

Behewa jepesi huruka reli. Chama cha wapenzi wa treni ndogo cha Marekani, NMRA, hushauri kwa 1:87 aunsi 1, na nusu aunsi kwa kila inchi ya urefu. Kwa sentimita 21 ni kama gramu 145. Katika mji wa wavuvi kama wetu, chubwi za nyavu zinatosha kazi hiyo. Zigandishe chini sakafuni, kati ya bogi mbili, unawe mikono, na usiwaachie watoto, kwani chubwi za risasi ni sumu.

Agiza kwanza injini moja, reli za duara moja na bogi mbili. Kabla ya kulipa, uliza gharama ya usafirishaji hadi Bujumbura na ushuru wa forodha, maana kwa mzigo mdogo vinaweza kuishinda bei ya behewa lenyewe. Ukiagiza pamoja na wenzako wawili watatu, gharama hiyo mtagawana.