Mbigili: Ua la Nchi Kavu Linalohitaji Tahadhari Linapouzwa kama Dawa

Wananchi wengi huufahamu mbigili kwa mwiba wake kabla ya ua lake. Ni mmea mdogo unaotambaa ardhini, wenye maua ya manjano ya petali tano yanayochanua asubuhi na kupukutika siku hiyo hiyo. Wataalamu wa mimea huuita *Tribulus terrestris*, jina lililotolewa na Linnaeus mwaka 1753.

Mbigili ni mmea wa nchi kavu na kingo za majangwa. Mzizi wake huzama chini kutafuta unyevu, na mbegu zake huweza kukaa udongoni miaka kadhaa zikisubiri mvua. Mvua ikinyesha, mmea huota, huchanua na kuzaa ndani ya wiki chache. Tunda likikauka hugawanyika vipande, kwa kawaida vitano, kila kimoja kikiwa na miiba migumu inayonasa kwenye kwato, kandambili na matairi ya baiskeli. Kila apataye pancha humsaidia kusafiri.

Hata hivyo, suala linalowagusa zaidi wakazi wa jiji, kuanzia Magogoni hadi Kariakoo, ni matumizi yake kama dawa. Matunda ya mbigili hutumika katika tiba za jadi za India na China; nchini India hutumika hasa kwa maradhi ya njia ya mkojo. Katika miongo ya karibuni yamesambazwa duniani kote yakiwa vidonge na unga, yakinadiwa kuongeza nguvu za kiume. Tafiti zilizofanywa kwa binadamu hazijathibitisha kwamba mmea huu huongeza homoni ya testosteroni kwa wanaume wenye afya.

Aidha, usalama wake si jambo la kupuuzwa. Ripoti ya kitabibu kutoka Iran iliyochapishwa mwaka 2010 ilieleza kuhusu kijana aliyekunywa maji ya mbigili kwa wingi ili kujikinga na mawe ya figo, akaishia hospitalini akiwa na degedege na madhara kwenye ini na figo. Nchini Afrika Kusini, wafugaji wanajua kuwa kondoo wanaoula huweza kuvimba uso wanapopigwa na jua.

Unga wa mitishamba hauna sura: ukishasagwa, mnunuzi hawezi kutambua kwa macho ni mmea gani, wala umechanganywa na nini. Ndiyo maana Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya mwaka 2002 iliunda Baraza linalosajili waganga, vituo na dawa. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali nayo huchunguza sampuli za dawa za asili.

Mnunuzi ana haki ya kumwomba muuzaji amwoneshe usajili wa dawa, na akitilia shaka anaweza kumwona mratibu wa tiba asili wa halmashauri yake. Mgonjwa wa figo, ini, kisukari au shinikizo la damu, pamoja na mama mjamzito, anapaswa kumweleza daktari kwanza kabla ya kutumia dawa hiyo.